Ukisikia habari za roketi, uliza kwanza inaruka mara ngapi

Kila wiki kuna habari mpya ya roketi. Leo kampuni fulani imetangaza roketi kubwa kuliko zote, kesho nyingine imelipuka, keshokutwa tarehe imesogezwa tena, na mtu ambaye ndo anaanza kufuatilia anabaki hajui ashike lipi aache lipi. Mi nimefuatilia haya mambo miaka mingi sasa na kwa muda mrefu nilikuwa naangalia vitu ambavyo havinisaidii, urefu wa roketi, nguvu ya injini, bei iliyoandikwa kwenye tangazo. Siku hizi swali langu la kwanza ni moja tu: hii roketi inaruka mara ngapi kwa mwaka? Ukishapata jibu la hilo mengi yaliyokuwa yamefungamana yanaanza kuachana yenyewe, na ndo nataka tuyapitie hapa taratibu.

Tuanze na kinachofanya hii kazi iwe ngumu, maana wengi wanadhani shida ni kwenda juu. Kwenda juu peke yake siyo ishu kubwa sana, anga za mbali tunahesabu zinaanza kama kilomita 100 tu kutoka hapa chini. Shida ni kasi ya kuizunguka dunia. Ili setilaiti ibaki huko isianguke lazima ikimbie karibu kilomita 7.8 kwa sekunde, yaani kama kilomita 28,000 kwa saa, na kuitafuta hiyo kasi ndo kunakula mafuta karibu yote. Chukua Falcon 9, roketi ya kampuni ya Marekani SpaceX, ikiwa imesimama tayari kuruka ina uzito wa kama tani 549, alafu mzigo inaoweza kuufikisha kwenye obiti ya chini (obiti ni ile njia ya kuizunguka dunia), tena ukikubali roketi yote ipotee isirudi, haufiki tani 23. Ni kama asilimia 4. Kinachobaki ni mafuta ya taa yaliyosafishwa sana, oksijeni ya majimaji, na matangi na injini za kubebea hivo vitu. Na kwa miaka mingi hayo matangi na injini, ambayo ndo yenye gharama hasa maana mafuta yenyewe ni hela ndogo ukilinganisha, yalikuwa yanafanya kazi dakika chache tu kisha yanazama baharini.

Kwahiyo wazo la kuirudisha mashine salama ili itumike tena halikuanza jana. NASA, shirika la anga la Marekani, walijenga Space Shuttle, chombo cha kubeba wanaanga kinachorudi kutua kama ndege, kwa wazo hilohilo, ikaruka mara 135 kati ya 1981 na 2011, na ilikuwa kazi ya kihandisi ya kuheshimiwa kabisa. Lakini kila ikirudi vigae vyake vya kuzuia joto vinakaguliwa kimoja kimoja, na ni maelfu kwa maelfu, injini zinatolewa zinachunguzwa, miezi inakatika kabla haijaruka tena. Ilitumika tena na bado ikabaki ghali sana. Hapa ndo pa kukaa kidogo, kwa sababu ukisoma tangazo la kampuni yoyote leo utaona wameandika kwa herufi kubwa kwamba roketi yao inatumika tena, na msomaji anadhani tayari bei imeshuka. Haishuki kwa hilo peke yake. Inashuka pale mashine inaporudi, inakaguliwa fasta na kuruka tena, alafu tena, alafu tena. Zile safari 135 za Shuttle za miaka 30, roketi za Falcon zilikaribia kuzifikisha ndani ya mwaka mmoja, 2024, ziliruka mara 134.

Kwa nini idadi ya safari ina uzito hivo? Fikiria kampuni ya roketi ina nini. Ina kiwanda, ina uwanja wa kurushia wenye minara na matangi makubwa, ina mafundi na wahandisi mamia au maelfu, watu wa usalama, watu wa hesabu za njia ya roketi, meli, malori, kodi ya majengo. Wote hao mwezi ukiisha wanalipwa, roketi iwe imeruka au imekaa tu. Sasa ukiruka mara 4 kwa mwaka, kila safari inabeba robo ya huo mzigo wote. Ukiruka mara 100, kila safari inabeba asilimia moja. Ni hesabu ya darasa la tano lakini ndo imeua kampuni nyingi kuliko milipuko. Na kuna kingine ambacho hakiandikwi sana, timu inayorusha kila siku tatu mikono yake inazoea, valvu ikisumbua kuna mtu ameshaiona ikisumbua hivohivo wiki mbili nyuma, wakati timu inayorusha mara mbili kwa mwaka kila mara ni kama inaanza upya na hata waliokuwepo safari iliyopita wengine wameshahamia kazi nyingine.

SpaceX wenyewe hawakuzaliwa hivo. Roketi yao ya kwanza, Falcon 1, ilishindwa mara tatu mfululizo kuanzia 2006 mpaka 2008, ikafika obiti kwenye jaribio la nne tarehe 28 Septemba 2008 wakati hela inakaribia kuisha kabisa. Desemba mwaka huohuo NASA wakawapa mkataba wa dola bilioni 1.6 kwa safari 12 za kupeleka mizigo kituo cha anga cha kimataifa. Hii nasema makusudi kwa sababu neno "roketi za kibiashara" linapotosha kidogo, mtu anadhani serikali imetoka kabisa kwenye picha. Haijatoka. Imebadilisha kiti tu, zamani ilikuwa inamiliki roketi na kulipa kila gharama inayotokea, sasa inanunua safari kwa bei iliyokubaliwa na mwenye roketi akizidisha gharama anakula hasara mwenyewe. Karibu kila kampuni kubwa ya roketi unayoijua, ukichungulia chini utakuta mkataba wa serikali umeishikilia.

Falcon 9 ikaruka mara ya kwanza Juni 2010. Ikatua mara ya kwanza Desemba 2015, ile hatua ya kwanza yenye injini 9, sehemu ya chini inayoitwa busta, ikarudi kusimama wima pale Florida, mi nakumbuka niliangalia ile video mara nyingi nikiwa siamini. Miezi sita tu kabla ya hapo, Juni 2015, nyingine ilisambaratika ikiwa angani na mzigo wa NASA, na Septemba 2016 nyingine ikalipuka ikiwa bado imesimama uwanjani, setilaiti ya mteja ikiwa juu yake, siku mbili kabla ya kuruka. Watu wanasahau hizo. Walioacha kufuatilia 2016 wakaamini hii kampuni ni ya fataki, na mwaka uliofuata, Machi 2017, busta iliyokwisha kuruka ikaruka kwa mara ya pili na setilaiti ya kampuni ya SES, mteja wa kulipa kabisa.

Sasa twende kwenye bei, hapa pana mkanganyiko mkubwa na ndo maswali mengi yanatoka. Kuna gharama na kuna bei, ni vitu viwili. Gharama ni kile kampuni inatumia kurusha. Bei ni kile mteja anaombwa. Bei ya orodha ya Falcon 9 ilikuwa kama dola milioni 62 kwa miaka mingi, 2022 ikapanda kuwa milioni 67, baadaye ikaongezeka tena. Imepanda! Na hiki ndo kipindi ambacho busta moja ilikuwa inarudi mara 10, mara 15, sasa kuna ambayo imepita mara 30. Gharama inashuka, bei inapanda, na hakuna ajabu, muuzaji anashusha bei kama kuna jirani anayeuza nafuu zaidi, na kwa miaka kadhaa huyo jirani hakuwepo. Kwahiyo ukisikia mtu anasema teknolojia ya kurudisha roketi haijasaidia kitu kwa sababu bei haijaporomoka, mwambie aangalie nani alikuwa na nafasi ya kurusha mwaka huo zaidi ya huyo mmoja.

Na ile "bei kwa kilo" inayopendwa kwenye michoro, ichukue kwa tahadhari. Wanachukua bei ya roketi nzima wanagawanya kwa uzito wa juu kabisa inaoweza kubeba. Sawa, lakini setilaiti yako ina kilo 150, hununui kilo, unanunua ama roketi nzima ama kiti kwenye roketi ya watu wengi. Ni tofauti ya basi na teksi. Januari 2021 Falcon 9 moja ilibeba setilaiti 143 kwa mpigo, nyingi zikiwa za wateja mbalimbali, hilo ndo basi, nafuu, ila linaondoka saa yake na linashusha wote kituo kimoja. Electron ya Rocket Lab inayorushwa peninsula ya Mahia, New Zealand, ndo teksi, inabeba kama kilo 300, ukihesabu kwa kilo ni ghali zaidi, lakini inakupeleka obiti unayoitaka wewe siku unayoitaka wewe, na kwa mtu ambaye setilaiti yake lazima ikae njia fulani hasa hiyo tofauti inalipa. Kampuni ndogo nyingi zilitaka kuwa hiyo teksi. Virgin Orbit walikuwa wanarusha roketi kutoka chini ya bawa la ndege aina ya 747, wakashindwa Januari 2023 safari iliyoanzia Cornwall, Uingereza, na Aprili mwaka huo wakaomba kulindwa na sheria ya ufilisi. Relativity, kampuni nyingine ya Marekani, waliruka na roketi yao Terran 1 mara moja tu, Machi 2023, haikufika obiti, wakaiacha kabisa wakahamia roketi kubwa zaidi. Rocket Lab wenyewe, ambao 2024 walirusha Electron mara 16, nao wanajenga roketi kubwa zaidi, Neutron. Unaona wote wanaelekea wapi.

Sasa kuna fundo ambalo mi binafsi lilinichukua muda kulielewa. Ili uruke mara 134 unahitaji mizigo 134, na dunia haina wateja wa kutosha wa namna hiyo. Mizigo inatoka wapi? SpaceX wamejitengenezea mteja, Starlink, setilaiti za intaneti, kundi la kwanza la 60 lilipanda Mei 2019, na siku hizi zaidi ya nusu ya safari za Falcon zinabeba setilaiti zao wenyewe. Kwahiyo idadi kubwa ya safari inashusha gharama, gharama ndogo inafanya Starlink iwezekane, Starlink inaleta mizigo, mizigo inaleta safari. Ni gurudumu linalojizungusha. Kwa hiyo ukiona namba 134 usiisome kama ukubwa wa soko, soko la wateja wa nje ni dogo zaidi ya hapo kwa mbali, na mshindani anayekuja leo hapambani na roketi tu, anapambana na gurudumu zima.

Mfano mzuri kuliko yote wa haya ni Amazon. Aprili 2022 walitangaza kununua safari hadi 83 kwa ajili ya setilaiti zao za intaneti, mradi uliokuwa unaitwa Kuiper. Walinunua kwa kampuni tatu: Arianespace ya Ulaya yenye roketi ya Ariane 6, ULA ya Marekani yenye Vulcan, na Blue Origin ya Marekani pia yenye New Glenn. Ni ununuzi mkubwa kweli. Ila siku ile wanasaini, kati ya roketi hizo tatu hakuna hata moja iliyokuwa imeruka hata mara moja. Vulcan ikaruka mara ya kwanza Januari 2024, Ariane 6 Julai 2024, New Glenn Januari 2025. Na kuruka mara ya kwanza siyo mwisho wa safari, safari ya pili ya Vulcan, Oktoba 2024, sehemu ya chini ya busta mojawapo ya pembeni ilikatika ikiwa angani, roketi ikafika obiti hivohivo lakini ukafuata uchunguzi wa miezi. Safari ya pili ya Ariane 6 ilikuja Machi 2025, miezi minane baada ya ile ya kwanza. Alafu Vulcan na New Glenn zote zinatumia injini moja, BE-4, ya Blue Origin, kwahiyo kiwanda kimoja kikichelewa roketi mbili zinasubiri.

Huku wanasubiri, leseni yao ya Marekani ilikuwa inasema nusu ya setilaiti 3,236 lazima ziwe juu ifikapo Julai 2026. Desemba 2023 Amazon wakaenda kununua safari 3 za Falcon 9, za mshindani wao wa intaneti. Na kundi lao la kwanza rasmi, setilaiti 27, lilipanda Aprili 2025 na Atlas V, roketi ya zamani iliyokuwa inaelekea kustaafu. Mi nikiisoma hiyo habari sioni kampuni iliyokosa hela, hela wanayo. Naona kwamba safari ya roketi hainunuliwi kama bidhaa iliyopo rafuni, unaweza kulipia safari 83 na bado usipate hata moja mwaka unaouhitaji, kwa sababu kile ulichonunua ni uwezo wa mtu kurudia, na huo uwezo bado hajaujenga.

Siasa nazo zinapunguza viti. Machi 2022, baada ya Urusi kuivamia Ukraine, setilaiti 36 za OneWeb, kampuni nyingine ya intaneti ya setilaiti, zilizokuwa tayari zimefungwa juu ya Soyuz, roketi ya Urusi, pale Baikonur, Kazakhstan, hazikuruka, OneWeb wakalazimika kuhamia SpaceX na roketi ya India LVM3. Ulaya nao wakapoteza Soyuz waliyokuwa wanairusha Kourou, Amerika Kusini, ndo maana darubini yao ya anga ya Euclid ilipanda na Falcon 9, alafu Ariane 5 ikaruka mara ya mwisho Julai 2023, na kwa mwaka mzima wakawa hawana roketi yao kubwa hata moja. Kwa China hesabu ni tofauti kidogo, sheria za Marekani zinazuia vifaa vyake kupanda roketi za Kichina kwahiyo soko lao liko pembeni, lakini usiache kuwaangalia, Julai 2023 Zhuque-2 ya kampuni binafsi ya LandSpace ilikuwa roketi ya kwanza duniani inayotumia methani kufika obiti, kabla ya Mmarekani yeyote. Na Juni 2024 kampuni nyingine, Space Pioneer, ilikuwa inajaribu kuwasha injini za Tianlong-3 ikiwa imefungwa chini, vifungo vikakatika, roketi ikapaa yenyewe na kuanguka mlimani karibu na mji wa Gongyi. Kwa bahati hakuna aliyeumia.

Hiyo inanileta kwenye milipuko, maana ndo inayosambaa kuliko kitu chochote. Ukiona roketi imefeli uliza vitu viwili. Kwanza, ilikuwa safari ya majaribio au ya mzigo wa mteja? Starship, roketi mpya kubwa ya SpaceX, ilipovurugika Aprili 2023, mpaka zege la uwanja likaruka vipande vipande, ilikuwa majaribio ya kwanza kabisa ya roketi nzima, na Oktoba 2024 busta yake ikarudi kudakwa na mikono ya mnara ilikorushiwa. Kushindwa kwa namna hiyo hakumwambii mteja kitu kuhusu roketi inayouzwa leo. Pili, imechukua muda gani kurudi hewani? Julai 2024 hatua ya juu ya Falcon 9 ilivuja oksijeni ikapoteza setilaiti za Starlink, baada ya wiki mbili na kidogo walikuwa wanaruka tena. Siyo uzembe, ni kwamba walikuwa na mamia ya safari zilizofanikiwa za kulinganisha nazo, unaweka data za ile iliyofeli pembeni ya data za zile nzima na tofauti inaonekana upesi. Roketi iliyoruka mara mbili tu haina cha kulinganisha.

Na tarehe, jamani, tarehe. Tarehe ya roketi karibu zote maana yake ni "siyo kabla ya siku hii". Upepo wa juu ukizidi wanaahirisha, boti ya mtu ikiingia eneo lililofungwa baharini wanaahirisha, kihisi kimoja kikisoma vibaya kompyuta inasimamisha yenyewe sekunde chache kabla. Hiyo isikukatishe tamaa, nimeshakesha mara nyingi kwa roketi ambazo hazikuondoka na kila mara naona ni afadhali hivo. Ila roketi ambayo haijawahi kuruka ikitangaziwa mwaka, wewe andika huo mwaka kwa penseli.

Mwisho kuna kuhesabu siku. Novemba 2025 New Glenn ya Blue Origin ilitua busta yake kwenye meli baharini ikiwa safari yake ya pili tu, kampuni ya pili duniani kutua wima busta ya roketi iliyofikisha mzigo obiti, na nilifurahi sana kwa sababu jirani tuliyekuwa tunamsubiri huenda ndo huyo. Wakati watu wanashangilia kutua mi nilianza kuhesabu siku mpaka busta hiyohiyo iruke tena. Ile busta ya Falcon 9 iliyotua Desemba 2015 haikuruka tena kabisa, imesimamishwa nje ya ofisi za SpaceX pale Hawthorne, California, watu wanapiga nayo picha. Iliyokuja kuruka mara ya pili Machi 2017 ilikuwa imetua Aprili 2016, karibu mwaka mzima ikifunguliwa na kukaguliwa na kufungwa tena. Machi 2025 busta moja ya Falcon 9 ilitua na kuruka tena baada ya siku 9 na saa chache tu.